Ua Lililotoka Nikiwa Mwanza

Kabula mayu,

Mwadila, habari za mchana. Naandika mchana jua likiwa bado juu, kwa sababu ile taa ya sola inanifanya nione kila herufi mara mbili, na herufi zangu hata zikiwa moja moja ni shida tupu. Mwandiko wangu unaujua, unatembea kama mbuzi waliokosa mchungaji. Shule sikuingia hata kuchungulia dirishani. Hiki kidogo nilichonacho nilikipata kanisani, kwenye kitabu cha nyimbo, nikifuatisha kidole cha mwanamke aliyekaa benchi la mbele yangu. Kwa hiyo ukikuta neno limeandikwa kama linavyoimbwa, usicheke. Au cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Sasa hivi uko kwa fundi cherehani na shangazi yako Minza, mnapunguza sare yako ya uuguzi. Kesho unapanda basi kwenda huko Makete, kwenye zahanati ambayo kila nikitajiwa jina lake linanitoka kabla sijafika mlangoni. Maagizo yote Minza ameshakupa: masweta, pesa usiziweke sehemu moja, usile vya njiani, wanaume. Mimi siongezi. Kwanza maagizo huwa husikii, na hilo umelitoa kwangu, silalamiki.

Nataka tuongee juu ya mapanga.

Jumapili ulinipa simu yako niangalie, mimi nikakwambia ugali unapoa. Lile halikuwa jibu. Jibu ndilo hili, ila linaanzia mbali, kabla hujazaliwa, wakati Minza mwenyewe nilikuwa nambeba mgongoni.

Miaka ile nilikuwa natoka hapa Sapiwi na maziwa na kuku, napeleka Bariadi mjini kwa Mama Nasra. Mumewe alikuwa na duka la kanga na vitenge. Waislamu, watu wa Lushoto, waliofuata biashara wakajikuta kwetu. Mama Nasra alikuwa mwembamba, mdomo wake mkali kuliko wangu, ndiyo maana tulipatana. Nyuma ya duka, uani, alikuwa na beseni bovu lililojaa changarawe, na ndani ya beseni yamesimama majani mapana, bapa, yenye ncha, rangi kama yamepakwa majivu. Nikamuuliza:

"Mama Nasra, siku hizi unapanda mapanga?"

"Maua hayo, usiniharibie. Bibi yangu alikuwa anafua nguo za misheni kule kwetu milimani, akapewa kipande. Mbegu yake sijawahi kuiona. Unakata kipande unampa mtu, naye akikata anampa mtu."

"Yanatoa ua la rangi gani?"

"Ngoja uone mwenyewe."

"Si uniambie tu."

"Nikikwambia utalichoka kabla halijatoka. Ninyi wa shamba mnataka kujua bei kabla hamjaona kitambaa."

"Na ninyi wa dukani mnaficha vyote viwili!"

Akacheka, akachukua kisu, akanikatia kipande. Akaongeza neno moja, na neno hilo ningelishika vizuri ningejiokolea miaka mingi. Alisema, "Huku kwenu linaninunia. Tangu nije halijatoka hata mara moja."

Unajua nilichowaza? Niliwaza: linakununia kwa sababu hujui kulima. Mimi Msukuma, nimezaliwa kwenye pamba, nimelelewa kwenye viazi, nipe mimi. Nikarudi nyumbani na kipande changu kwenye kikapu, kichwa kimevimba.

Kile kipande ukikiangalia ni kama tangawizi iliyonenepa. Na kitu kama hicho, kinachokaa chini na kina macho, sisi tunakifanya nini? Tunakiinulia tuta. Nikainua tuta zuri, nikachimba shimo, nikakizika mpaka kikapotea, nikaweka samadi mbichi ya zizini, nikafukia, nikamwagilia. Hakuna mwanamke wa kijiji hiki angefanya tofauti. Nilikuwa nimekitendea wema wote ninaoujua.

Baada ya muda babu yako alipita pale, akachokoa tuta kwa fimbo, akaziba pua.

"Mke wangu, hapa umepanda au umezika?"

Nikafukua. Kimeoza, kimekuwa uji, kinanuka kama kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa. Kilibaki kipande kizima ukubwa wa kidole gumba. Nikakifuta kwa majivu, na kwa hasira nikakitupa kule kwenye rundo la mawe karibu na zizi. Nikaendelea na mambo yangu.

Kule kwenye mawe ndiko kilikoota! Hakuna udongo wa maana, hakuna aliyekitazama, mgongo wote uko nje unaota jua kama mzee asubuhi ya baridi. Nilichuchumaa pale nikakiangalia kwa muda mrefu. Nikaelewa jambo moja: huyu hataki kufunikwa. Mizizi yake chini, sawa, lakini mgongo anataka uone jua.

Ungedhani hapo nilijifunza. Sikujifunza. Nilifurahi, na mimi nikifurahi nalisha. Nikazungushia samadi tena, kavu safari hii, na kiangazi nikawa nagawa maji yangu ya kunawa uso, nusu yangu, nusu yake. Mapanga yakanenepa, yakazaliana, yakafika mpaka magotini kwangu. Ua hakuna. Mwaka unaingia, mwaka unatoka, pamba inachumwa, mabua yanang'olewa yanachomwa, mapanga yamesimama tu kama askari waliosahauliwa kwenye lindo. Babu yako akawa anawaleta wageni wayaone. "Haya ni mapanga ya mke wangu. Anayalisha vizuri kuliko mimi, na hayampi kitu, kama mimi."

Nilimuuliza kila mtu. Nilimuuliza padri, akasema kwao hayapo. Nilimuuliza bwana shamba, akaniambia ning'oe nipande alizeti. Mama Nasra nilimuuliza kila nilipompelekea maziwa, naye alikuwa na jibu lile lile, ngoja uone.

Kisha mumewe akafunga duka. Mizigo yao ilikwenda na lori hadi Malampaka ipakiwe treni, nami nikapanda juu ya yale magunia kumsindikiza. Treni ilipoanza kusogea nikakimbia kando yake kama mwehu. Nikapiga kelele, "Mama Nasra! Rangi gani?" Akatoa nusu ya mwili dirishani, anacheka machozi yanamtoka, akashika kanga yake kifuani akaninyooshea. Kanga yenyewe ilikuwa na rangi nne! Nilibaki nimesimama pale stesheni na watu wananitazama, natukana kwa Kisukuma na ninalia. Hatujaonana tena. Na rangi sikuijua.

Sasa nafika kwako.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Ulikuwa kwenye umri wa kuuliza. Kwa nini kuku hakojoi. Kwa nini ng'ombe hulala akitafuna na hana kitu mdomoni. Kila ulichokiona ulikimbia nacho kwangu kama umeokota yai. Mwaka huo babu yako aliugua, nikampeleka Mwanza hospitali, nikakaa naye huko msimu mzima wa kuchuma pamba. Wewe ulibaki na Minza. Wote walikuwa shambani kutwa, wewe unabaki nyumbani na ndama, unawalambisha chumvi. Mapanga hakuna aliyeyamwagilia. Nani alikuwa na muda?

Tuliporudi, hata mzigo sikushusha, nilikwenda kwenye mawe. Katikati ya majani kulikuwa na fimbo imesimama, na juu ya fimbo kitu kimejikunja, kimekauka, kama kitambaa kilichokamuliwa kikasahauliwa juani. Nilikigusa kikavunjika. Rangi ilikuwa ya udongo.

Lilitoka. Miaka yote ile nimekaa hapa, likatoka nikiwa Mwanza.

Wewe ukaja mbio. "Bibi, nililiona! Lilikuwa na ndimi za ng'ombe zinaning'inia, na juu ya ulimi lina ndevu!"

Nyumba nzima ilikuwa uani, majirani wamekuja kumpa pole babu yako. Nikakuuliza mbele yao wote:

"Ua lina ndevu?"

"Ndiyo bibi."

"Ndevu kama za babu yako au kama za beberu?"

Ukafikiri. Ulifikiri kweli, nakumbuka ulivyokunja uso. Ukasema, "Za beberu. Lakini za njano."

Walicheka mpaka babu yako akashikwa na kikohozi kwenye mkeka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na uchungu wa lile ua, na kicheko kilikuwa karibu kuliko kilio. Baba yako mdogo Masanja akakubatiza pale pale jina la Ndevu. Kesho yake ukarudi kuniambia tena, na rangi ukanitajia. Mimi nikasema, "Leo ulimi, kesho mkia," nikaendelea kupepeta mtama. Kabula, rangi ulinitajia. Niliyoililia stesheni mbele ya watu, nililetewa nyumbani na mtoto, na sikuisikiliza. Nikijaribu kuikumbuka sasa nasikia ungo tu.

Nilichokiona baadaye nilikiona polepole. Uliacha kukimbia kuja kwangu. Ulikuwa unasimama, unaangalia kitu, unamaliza, unaendelea na safari yako. Unakumbuka yule nyoka wa kwenye ghala? Ulimwona jioni, ukahamisha mkeka wako upande wa pili, ukalala. Asubuhi alipouawa nikakufokea, kwa nini hukusema? Ukanijibu bila hasira, "Mngesema ni kamba."

Nikanyamaza siku ile. Lakini kunyamaza kwangu nako hakukusaidia kitu, maana hukujua kwamba nimenyamaza kwa sababu nimekumbuka kile kicheko cha uani. Na mwaka juzi ukalazwa ukiwa chuoni, tukaja kujua umeshatoka. Nikakupigia, kwa nini hukusema? "Nilikuwa sawa tu, bibi." Minza anasema wewe ni msiri. Mimi najua hukuzaliwa msiri. Nilikuwepo.

Haya, Jumapili. Masanja amekula amevimbiwa, akaanza. "Ndevu anakwenda kutibu watu wa Makete! Huko baridi kali, labda zitaota kweli!" Watu wakacheka kile kicheko cha kila mwaka. Ulitoa simu, ukagusa gusa, ukaninyooshea.

Lilikuwa pale. Majani yale yale ya mapanga. Ndimi tatu zimeinuka, tatu zimening'inia, na juu ya kila ulimi uliolala kuna ndevu. Za njano, nene, kama kiwavi amejinyoosha. Ukasema linaitwa airisi, na yapo ya aina nyingi, na haya ya kizamani yenye ndevu watu wameyatunza mabustanini tangu zamani. Masanja alitafuta kijiti cha meno mfukoni mpaka nikamwonea huruma.

Kisha ukapitisha kidole na mimi nikaona mengine. Meupe, ya zambarau, ya njano, mengine kahawia kama ng'ombe wa babu yako, mengine yana rangi mbili. Nikakuuliza, "Letu ni lipi?"

Nilijua utajibu. Uliliona, wewe peke yako duniani.

Ukasema, "Sikumbuki tena, bibi. Mlicheka sana, mwisho nikaona labda niliota."

Ndipo nikakwambia ugali unapoa. Mimi, mwenye maneno ya kugawa kijiji kizima.

Tangu Jumapili nawaza juu ya ua na juu yako, na kila mara vinachanganyika. Ulisoma pale kwenye simu kwamba linataka baridi, lilale kwanza baridini ndipo litoe ua. Basi nimemuuliza Minza mwaka ule tuliokuwa Mwanza kipupwe kilikuwaje. Akasema kilikuwa kikali, ng'ombe walijibana usiku, wakawasha moto kando ya zizi. Umeona? Mama Nasra aliniambia na mdomo wake, huku linanuna, nami nikaona hajui kulima. Baridi nilikuwa siwezi kuinunua, lakini maji na samadi ningeweza kuacha. Nilikuwa nalibembeleza lisilale.

Na bado nina maswali. Ndevu zile za kazi gani? Ua halinywi uji lichafuke. Je, ni za nyuki kushikia asiteleze? Na usiku hujifunga au hubaki wazi? Lina harufu? Siku zile ulizokuwa unalitazama na ndama wako, nyuki alikuja? Hayo yote ningekuuliza uani siku ile, ungeniambia. Ulikuwa umeangalia vizuri kuliko mtu yeyote niliyemfahamu.

Kwenye begi lako dogo, chini ya mfuko wa michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, nimeweka kipande kwenye kitambaa cha kanga. Nimekikata majani yabaki kama kiganja, nimekipaka majivu pale nilipokata. Hakihitaji udongo safarini, ni kigumu, kitafika. Usikichanganye na tangawizi ukatia kwenye chai, kitakuvuruga tumbo na wewe ndiye muuguzi. Ukipata kona ya ukuta wa nyumba watakayokupa, sehemu isiyotuama maji, kiweke juu juu. Udongo kidogo ubavuni, mgongo nje. Kisha usikitendee wema wangu.

Huko baridi ipo, kila mtu anasema. Litatoka.

Na watu wataanza kuja kwako. Nakusihi jambo moja tu, siyo agizo, nakuomba. Akija mtoto akakwambia tumboni kwake kuna chura, usicheke kabla hujamuuliza chura amekaa upande gani. Najua utafanya hivyo. Wewe unajua kuliko mimi mtoto yule anavyojisikia akirudi nyumbani.

Nasikia pikipiki, nadhani ni nyinyi. Ndiyo, naona Minza anatoa sare kwenye mfuko, na hata kutoka hapa naona bado ni kubwa. Yule fundi ni mwizi. Barua nitaichomeka kwenye kitambaa cha kipande, utaikuta ukifungua kupanda, siyo kabla. Sitaki uisome kwenye basi ukalia mbele ya watu.

Basi, hili la mwisho. Siku likitoka, usinitumie picha kwanza. Picha Masanja pia anaiamini. Nipigie. Hata kama niko shambani, hata kama nimekasirika, piga mpaka nipokee, uniambie kwa mdomo wako ulichokiona. Anza na rangi, maana nimeisubiri sana. Kisha uniambie lina ndevu, kama ulivyoniambia mara ya kwanza, kwa mbio ile ile.

Nami nitakuuliza: ndevu zenyewe zina urefu gani?

Bibi yako,
anayekungoja kwenye simu hapa Sapiwi